Nilikwenda Kulea, Sauti Ikabaki Kazini

Mshauri mpendwa,

Kabla sijakuomba msaada niache kwanza nijisifu kidogo, maana mimi ni mtu wa bahati, tena si bahati hii ya kuokota sarafu njiani, hapana, bahati nene: niliacha kazi nikaenda kulea watoto watatu kwa karibu miaka kumi, nikarudi ofisi ile ile, na bosi mwenyewe aliponisikia natoa salamu mlangoni akanyanyuka kitini akasema, "Jamani, sauti yetu imerudi!" wakapiga makofi, mmoja akakimbia kuniletea soda ya baridi. Wanawake wenzangu wakirudi kazini huulizwa kama bado wanakumbuka kuwasha kompyuta. Mimi soda.

Sasa nikueleze hiyo sauti ni ipi. Ofisi yetu ni ya leseni, za magari na za biashara, ukiingia unapewa kikaratasi chenye namba, unakaa kwenye benchi na kugombana na jirani yako mpaka spika ya darini ikuite, "Mwenye namba arobaini na saba, dirisha la tatu, tafadhali." Huyo anayeita ni mimi. Si mtu anayefanana na mimi, ni mimi, nilirekodiwa ujanani wakati huo wananiita Kinanda kwa jinsi sauti ilivyokuwa inateleza, na hapo sijisifu, ingawa najisifu. Fundi wa mitambo aliniingiza stoo ya mafaili, akatundika blanketi mlangoni kuzuia mwangwi, akaniambia, "Sema neno moja moja, dada, kama unapanga mayai kwenye trei. Mashine itaunganisha yenyewe." Nikasema moja, nikasema mbili, nikasema ishirini, nikasema na, nikasema dirisha la, nikasema tafadhali. Na kwa kuwa fundi alikuwa mvivu, na mimi shule niliiaga mapema, hakuna aliyekumbuka kwamba dirisha ni la kwanza na la pili, kwa hiyo mpaka leo mashine inasema dirisha la moja, dirisha la mbili, na watu wamezoea hivyo hivyo, utamsikia wakili na suti yake na mkoba wake anauliza, "Samahani, la mbili ni lipi?" Mshauri, mimi sikumaliza hata shule na nimeharibu Kiswahili cha mji mzima. Wasomi wangapi wanaweza kusema hivyo?

Haukupita muda tumbo likaonekana, nikaenda kujifungua, likizo ikaota mizizi, mtoto wa kwanza akamwita wa pili, wa pili akamwita wa tatu, na mimi nikawa mtu wa "shuka hapo", "nani kamwaga", "toa mdomoni hicho kitu". Nimeona mengi duniani, nimepanda ndege nikashuka mzima, nimebishana na polisi nikashinda, lakini kulea watoto watatu ndani ya vyumba viwili ndiko kulikonichubua koo. Sauti ikakwaruza. Ikabaki hii niliyo nayo, inayofaa kuita mtu aliye ng'ambo ya barabara. Mdogo alipoanza kuvaa viatu mwenyewe nikasema basi, narudi kazini, wakaniweka mlangoni nigawe vikaratasi vya namba, kazi ya muda, ya kuanzia tu.

Asubuhi ya kwanza, dada wa dirisha la mbili, mtu wa maneno mengi na kucha ndefu, alibonyeza swichi ukutani akasema, "Haya, Bi Tafadhali ameamka." Ndivyo wanavyomwita. Spika ikakohoa kidogo, halafu nikajisikia. Mshauri, picha yako ya zamani ukiitazama inatulia, inakubali kwamba imepitwa. Yule hakubali. Yule anaita watu wa leo, wanasimama, wanakwenda. Ana ngozi changa hata kwenye sauti, ana usingizi wa kutosha. Na kila akimaliza kusema tafadhali kuna kasauti kadogo kanafuata, kama mtu anameza mate, wote pale wanadhani ni ubovu wa spika, lakini mimi najua ni nini. Siku ile stoo nilikuwa na kichefuchefu. Nilikuwa nimebeba kifungua mimba wangu na sijamwambia mtu, nikimaliza neno nameza, nikimaliza neno nameza. Kifungua mimba huyo sasa ananifika begani, anakula mkate mzima peke yake ukimuuliza anasema panya, na wakati huo huo yumo mle darini, hajazaliwa, anangoja. Nikisikia ile sauti ya kumeza mkono wangu unakwenda tumboni wenyewe. Hamna kitu. Nimeangalia.

Nikasema nitazoea. Mtu huzoea hata mama mkwe. Lakini wiki ile ile baba watoto alikuja kutengeneza leseni yake, nikampa namba kama mteja mwingine, nikamkonyeza, akaitwa, akahudumiwa, akamaliza. Hakuondoka. Akarudi kwenye benchi akakaa, mikono kwenye magoti, kichwa amekiinamisha upande mmoja. Watu wakaja wakaondoka, yeye yupo. Nikamfuata.

"Baba, umesahau kitu?"

"Hapana. Napumzika tu."

"Kwenye hili benchi la mbao? Nyumbani una kochi unalilalamikia."

Akangoja spika imalize kumwita mtu wa dirisha la nne. Kisha akasema, "Nilikuwa namsikiliza. Nimemkumbuka mtu."

"Mtu gani?"

"Wewe."

"Mimi si huyu hapa?"

Akanitazama, mshauri, akanitazama vizuri, kwa upendo kabisa, halafu macho yake yakarudi darini.

Hilo nalo nikalimeza. Ila siku nyingine shule ya kitinda mimba wangu haikufunguliwa, walimu walikuwa na kikao, nikaja naye kazini nikamkalisha chini ya meza yangu na biskuti. Ana miaka minne, mtoto mtulivu, sketi yangu kaishika kama usukani. Nikamwambia, "Kaa hapa, usitoke." Spika ikaita, "Mwenye namba sitini, dirisha la mbili, tafadhali." Mtoto akasimama.

"Unakwenda wapi?"

"Mama ananiita."

"Mama ni mimi hapa."

Akanitazama kwa adabu, vile watoto waliofunzwa vizuri wanavyomtazama mgeni. "Ngoja," akaniambia, "narudi sasa hivi." Nilikuwa nimemshika mkono. Akaufungua mkono wangu kidole kimoja kimoja, taratibu, bila hasira, akaenda zake katikati ya watu mpaka dirisha la mbili, akasimama pale, kichwa hakifiki hata kwenye ubao.

"He!" dada wa dirisha la mbili akachungulia. "Na huyu mdogo ni wa nani?"

Mwanangu akanyoosha kidole juu, darini.

Ukumbi mzima ulicheka. Na mimi nilicheka, ningefanyaje, watu wote walikuwa wananitazama.

Jioni ile nyumbani nikaona nijaribu, maana mimi ni mtu wa kujaribu. Watoto walikuwa wanagombania rimoti, makelele ya kung'oa bati, wifi yangu amekuja kuazima pasi amekaa jikoni ananipa umbea. Nikasimama mlangoni, nikalainisha koo, nikaitafuta ile sauti ya stoo, neno moja moja, nikasema, "Chakula. Tayari. Tafadhali." Rimoti ikawekwa chini. Wote watatu wakanyanyuka wakajipanga mstari, mkubwa mbele, mdogo nyuma, wakanitazama. Hawakuja mezani. Walikuwa wanangoja namba. Wifi akasimama akanishika mkono, vidole vyake baridi, akasema, "Wifi, hiyo sauti usiirudie tena ndani ya nyumba hii." Akaondoka bila pasi.

Na juzi ndiyo imenifanya nishike kalamu. Tulikuwa tumeshafunga, mapazia ya madirisha yameshushwa, benchi tupu, jua la alasiri bado linaingia mlangoni linaonyesha vumbi lote tulilovuta kutwa. Wenzangu wako nyuma wanachukua mikoba. Mimi napanga vikaratasi vilivyobaki, spika ikakohoa. "Mwenye namba mia moja na nane, dirisha la nne, tafadhali." Namba hiyo sikumpa mtu. Nikatazama mkononi. Kikaratasi cha juu kabisa, nilichokishika mimi, kimeandikwa mia moja na nane.

Wewe ni mtu wa akili, ungefanyaje? Mimi nilikwenda. Nilikwenda na kikaratasi changu nimekitanguliza mbele kama mteja yeyote, nikasimama dirisha la nne mbele ya pazia lililoshushwa, nikasubiri, sijui nilikuwa nasubiri nini. Halafu juu yangu, bila namba, bila dirisha, likaja neno lenyewe tu: "Tafadhali." Na ile sauti ya kumeza. Nikajikuta nimesema, kwa sauti, peke yangu, "Samahani, nimechelewa. Watoto."

Tangu hapo kuna wazo linanitembelea ninapoosha vyombo, ninapofunga vifungo vya sare za shule, kwamba pengine siku ile si mimi niliyekwenda kulea. Mimi nilibaki pale pale kazini, sikuchelewa hata siku moja, na aliyetoka mlangoni na tumbo lake ni mwingine, na huyo mwingine ndiye anayekuandikia barua hii.

Sasa shida yenyewe. Bosi ametutangazia kwamba Bi Tafadhali anastaafu. Madirisha yanaongezwa, mashine mpya imeletwa, sauti ya zamani inafutwa yote. Mwanamke yeyote wa pale ofisini anaruhusiwa kwenda kujaribiwa Ijumaa, atakayechaguliwa atarekodiwa upya na atapewa kazi ya kudumu mapokezi. Kazi yangu ya muda inaisha mwezi huu, na kazini kwa baba watoto wameanza kupunguza watu, kila jioni namsoma usoni kabla hajavua viatu. Kazi hiyo naihitaji. Lakini nikienda nikashindwa, nitakuwa nimeshindwa kuwa mimi, na hapo nitamlalamikia nani? Na nikishinda, nitakuwa nimeingia stoo kwa miguu yangu kumfuta yule binti pamoja na alichobeba. Nisipokwenda, atafutwa na dada mwenye kucha ndefu. Niende au nikae? Naomba unijibu kabla ya Ijumaa.

Utaniuliza, kama bosi anajua sauti ni yako, kwa nini asikupe kazi moja kwa moja? Umeuliza vizuri. Ile ya makofi ni uongo. Hakuna aliyenyanyuka kitini. Wote niliofanya nao kazi wameshaondoka, na soda nilijinunulia. Siku ya kwanza niliwaambia anayeita kule juu ni mimi, dada wa dirisha la mbili akasema, "Wewe? Na hilo koo?" Wakacheka mpaka bosi akatoka kuuliza kuna nini. Na mimi nikacheka nao, nikasema nilikuwa natania.

Mama wa Mlangoni

MSHAURI ANAJIBU

Mama wa Mlangoni,

Pole. Na ukome kunidanganya kwenye aya ya kwanza, maana nilikuwa nimeshaanza kukuonea wivu.

Tuanze na juzi. Kila dirisha lina kitufe cha kuita namba inayofuata. Mtu akipita nyuma ya pazia kwa haraka kuchukua mkoba kwa sababu anataka kuwahi nyumbani, kiwiko kinagusa kitufe, mashine inaita namba inayofuata. Na namba inayofuata iko wapi? Iko mkononi mwa mgawaji. Ulitaka iwe mkononi mwa nani? Kwa hiyo hapo hukuitwa na mtu, uliitwa na kiwiko. Lile "tafadhali" la pili, lililokuja peke yake, sijui. Nimemuuliza fundi wetu hapa, akakuna kichwa, akasema mashine za zamani zina mambo yake, akabadilisha mazungumzo. Sijui, na sitajifanya najua. Ila usiijibu tena. Mashine ikisema, wewe nyamaza, chukua mkoba wako, nenda nyumbani.

Sasa mtoto. Umeniandikia habari za mtoto kama mtu aliyeibiwa. Hebu fikiri, mama. Ofisi nzima, watu wazima na masikio yao, wanafanya kazi chini ya sauti yako kila siku na hawakuijua. Umewaambia kwa mdomo wako na hawakuijua. Mtoto wa miaka minne, aliyezaliwa miaka mingi baada ya kurekodiwa, kaisikia siku moja tu kasimama kasema, "Mama." Hakukukana. Alikutambua! Una shahidi mmoja tu katika kesi hii na wewe unamlilia badala ya kumpa biskuti nyingine. Na wale watatu waliojipanga mstari, hao uliwatisha mwenyewe. Mama hazungumzi na watoto wake neno moja moja. Wifi yako amesema kweli, usirudie, na pasi mpelekee.

Baba watoto naye mwambie hivi: kama anataka kusikiliza, aache benchi la watu aje jikoni, kuna kitunguu cha kumenya na mwenye sauti yupo. Mengine mtayamaliza wenyewe.

Unauliza ni nani aliyetoka mlangoni siku ile. Nitakuuliza maswali mepesi. Yule wa darini anajua jina la mtoto wako hata mmoja? Anajua namba tu. Anajua ni nani aliyekula mkate? Anajua kwamba mumeo kazini kwake kunawaka moto? Hata "la pili" hajui, anasema "la mbili", na atasema hivyo hivyo mpaka siku ya kufutwa kwake, kwa sababu hakuna kilichompata tangu atoke stoo. Wewe yamekupata. Aliyepatwa na mambo ndiye mtu. Mwingine ni sauti, nzuri, nakubali, lakini ni sauti.

Na usiniletee habari za kuua. Mwanao hayumo darini. Yuko nyumbani kwako, anafika begani, na pengine sasa hivi yuko kwenye kabati la mkate. Kile unachokisikia kila siku ni mate uliyomeza ukiwa binti mwoga aliyekuwa na siri. Ile siri imeshakuwa mtoto wa shule. Mwache yule binti apumzike, amefanya kazi miaka kumi bila likizo. Ukitaka unaweza kumwomba fundi nakala uweke nyumbani. Mimi ningekuwa wewe nisingeomba. Sauti hiyo ndani ya kabati la chumbani kwako, mama, hapana.

Utakwenda Ijumaa. Sikushauri, nakuambia. Kuanzia leo acha kupiga kelele, watoto wapande wanapopanda, koo lako lipate nafasi. Asubuhi kunywa maji ya moto. Na sikia hili vizuri kuliko yote: usijaribu kumwiga. Ukimwiga atakushinda, kwa sababu yeye hachoki. Ingia na hilo koo lako lililokwaruza. Mtu aliyekaa kwenye benchi tangu asubuhi na kikaratasi kimelowa jasho hahitaji kinanda, anahitaji kuitwa na mtu anayejua maana ya kusubiri, na sauti inayopita juu ya kelele. Wewe umekuwa ukisikika juu ya bomba linalomwaga maji, rimoti inayogombaniwa na mlango unaobamizwa. Unafikiri dada wa kucha ndefu ana mazoezi hayo? Na wakikuambia useme neno moja moja kama mayai, kataa. Sema sentensi nzima kwa pumzi moja, na dirisha liwe la kwanza, la pili, la tatu, utusaidie kurudisha ulichoharibu.

Wasipokuchagua utalia kidogo, utaosha uso, na Jumatatu utapeleka barua za kuomba kazi kwingine. Kuna ofisi nyingi zenye benchi na watu wanaosubiri. Lakini usikose kazi hii kwa kuogopa kufungua mdomo, kisha uje kuniandikia tena kwamba una bahati.

Kosa lako kubwa halikuwa kukaa nyumbani miaka kumi. Wala halikuwa koo. Ulisema jambo la kweli mbele ya watu, wakacheka, nawe ukaungana nao dhidi yako mwenyewe. Kwa hiyo Ijumaa, kabla hujasogelea kinasa sauti, watakuuliza kama umewahi kufanya kazi ya namna hii. Sema, "Ndiyo. Hapa hapa. Yule ni mimi." Kisha nyamaza. Watacheka, hilo nakuhakikishia, na yule wa kucha atacheka zaidi.

Wewe usicheke.